Nyota za Mwenye Duka wa Karatina

Mwenda Karatina hufuata soko, akarudi na viazi au maharagwe. Mimi nilirudi na hesabu ya nyota, wala sikuitafuta.

Niliingia duka la vitambaa kukimbia mvua. Mwenyewe ni mzee wa Kihindu, mzaliwa wa papo hapo. Ukutani ametundika kalenda iliyojaa tarakimu. Nilipoiangalia sana akacheka: "Maalim, hii ndiyo panchangi. Nyinyi mna falaki, sisi tuna jotishi. Maji ya kisima kimoja."

Nilitaka kubisha, lakini kauli yake ina ukweli. Elimu hiyo ilianza India ikiwa mtumishi wa ibada, moja katika elimu sita za kuzihudumia Veda, na kazi yake ilikuwa kujua siku ya kutoa kafara. Walifuata jua na mwezi, na mwezi wakaupa makazi 27. Buruji 12, na kumsomea mtu bahati kwa saa aliyozaliwa, vilitoka kwa Wayunani katika karne za mwanzo za Miladi. Karne ya 8 hesabu za Kihindi zikafika Baghdad kwa Khalifa al-Mansur, zikafasiriwa kwa Kiarabu. Sisi tunahesabu manazili 28. Ya tatu kwetu ni Thurayya, ya tatu kwao ni Kritika, na zote mbili ni kile Kilimia ambacho wakulima wetu walikitazama kabla ya kushika jembe.

Mtoto akizaliwa huandikwa siku, saa na mahali. Mnajimu hutafuta buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki dakika ile. Hiyo ndiyo nyumba ya kwanza, na nyingine 11 hufuata. Humo hupanga jua, mwezi, Mirihi, Utaridi, Mushtari, Zuhura na Zohali, pamoja na Rahu na Ketu, ambazo si nyota bali ni pale njia ya mwezi inapokata njia ya jua. Wanafalaki wetu huziita kichwa na mkia wa joka. Buruji zao hufuata nyota zenyewe, si majira kama za Wazungu, na leo hupishana kwa nyuzi 24 hivi. Aliye Kondoo kwa Mzungu huenda akawa Samaki kwa Mhindi.

Hapo mzee akapunguza sauti. Ujanani aliposa binti Nairobi. Hesabu ikatoa Mirihi katika nyumba ya saba, nyumba ya ndoa, na mtu wa namna hiyo huogopwa kuwa atamdhuru mwenziwe. Posa ikavunjika.

Sasa sikiliza. Siku aliyozaliwa nyumbani hamkuwa na saa. Mama yake alikumbuka tu kwamba gari la moshi lilipiga honi likiingia stesheni, na mnajimu akachukua saa ya ratiba. Miaka mingi baadaye jirani mmoja akamwambia kuwa siku ile mvua ilikuwa kubwa, gari lilichelewa zaidi ya saa mbili. Na Karatina, kwa kuwa iko jirani na Ikweta, kila buruji huchukua kama saa mbili kuchomoza. Akahesabu upya: Mirihi imo nyumba ya sita. Yule binti alikwisha kuwa mke wa mtu.

"Nyota hazikukosa," alisema, "saa ndiyo iliyokosa."

Sikumjibu. Mimi nimefunzwa chuoni kwamba nyota ni za kibla, nyakati za sala na njia ya baharini, na ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini ningemkemea kwa uso gani? Pwani kwetu wapo wanaojumlisha herufi za jina la mposaji na la mamake, wakagawa kwa 12, na mahari yakarudishwa.

Mvua ikakatika. Akinipimia kitambaa cha kanzu akataka kujua nilizaliwa saa ngapi. Nikamwambia mama alisema ni wakati wa adhana ya alasiri.

"Ya msikiti gani?" akauliza.