Kifaa Kikishanunuliwa

Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilipoanza kupeleka vifaa vya kidijitali kwa wanafunzi wa darasa la kwanza, hesabu iliyotangazwa ilikuwa ya vifaa na shule: hatimaye vifaa zaidi ya milioni 1.1, shule za msingi za umma zaidi ya 21,000. Ukigawanya, kila shule inapata vifaa 50 na kidogo. Ni kazi kubwa, na mpango wenyewe uliwekea shule za elimu maalumu mashine za kuchapa breli. Ila wastani haumwambii mwalimu atamfundishaje mtoto asiyeona kwa kioo laini, kisicho na cha kupapasa.

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Kwa kiwango hicho, shule ya watoto 400 ingekuwa nao kama 9 (ni makisio tu, maana ulemavu huongezeka kwa umri). Mmoja haoni, mwingine ni kiziwi, wa tatu vidole havimtii. Vifaa 50 vya aina moja hununuliwa kwa jumla na kwa nafuu. Watoto 9 huenda wakahitaji vya aina nne, kila kimoja kikiagizwa peke yake.

Chukua Orbit Reader 20, kifaa cha kusomea breli. Kilipoingia sokoni kilisifiwa kwa bei yake ya takriban dola 500, kwani vilivyokitangulia viliuzwa kwa maelfu. Dola ilikuwa karibu shilingi 100 za Kenya, kwa hiyo kimoja kilikuwa shilingi 50,000. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa msingi ilikuwa shilingi 1,420 kwa mwaka. Kifaa kimoja, basi, kilimeza ruzuku ya mwaka mzima ya watoto 35. Wenye mahitaji maalumu huongezewa, lakini si kwa kiasi cha kuziba pengo hilo.

Na kwa fedha hizo mtoto anapata mstari mmoja wa nafasi 20 za herufi. Ukurasa wa kawaida wa breli una mistari 25 ya nafasi 40, yaani nafasi 1,000: atabonyeza mara 50 aumalize. Hadithi inasomeka. Hesabu ya kugawanya kwa njia ndefu ni mateso, kwa sababu akifika mstari wa chini, wa juu umeshafutika vidoleni. Mstari huo mmoja una pini ndogo 160, nane kwa kila nafasi, nazo hazipatani na vumbi. Bajeti isiyotenga fedha za fundi inanunua kifaa cha kufungiwa kabatini.

Programu ni nafuu zaidi. NVDA, inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, hutolewa bure, na ipo sauti ya bure inayotamka Kiswahili. Lakini kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kwake ni bubu. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, hivyo sheria imelegeza kugeuza vitabu kwa ajili ya wasioona. Iliyobaki ni kazi ya watu ya kuchapa upya, kueleza michoro na kuhakiki. Viziwi hawamo katika mkataba huo, na kwao kila hadithi lazima irekodiwe kwa video ya lugha ya ishara.

Katika kazi hiyo ya kuandaa vitabu ndipo ningeanza kuweka fedha. Orbit Reader moja humfaa mtoto mmoja kwa wakati. Kitabu cha hesabu kikitayarishwa vizuri mara moja, nakala yake inafika shule zote 21,000 bila kuandaliwa upya.