LUKU inaisha haraka? Kabla hujagombana na mpangaji mwenzio, piga hesabu

Leo siasa na mpira naviweka pembeni, naongelea umeme.

Nyumba tunayokaa tuko wapangaji watatu na LUKU ni moja, kwa hiyo kila mwezi tunachanga. Mwezi uliopita uniti zilikata mapema, macho yote yakanigeukia mimi kwa kuwa mi ndo mwenye laptop. Mama wa chumba cha mbele akasema wazi kwamba kuanzia sasa nichange mara mbili. Hela yenyewe ya kuunga unga! Nikamwambia, mama naomba kwanza tupige hesabu. Akanijibu, "Haya mwanangu, piga hiyo hesabu yako."

Hesabu ni rahisi. Chukua wati za kifaa (zimeandikwa nyuma au chini yake), zidisha kwa saa unazokitumia, halafu gawanya kwa 1000. Jibu ndiyo uniti. Chaja ya laptop yangu ni wati 65, natumia saa 4 kwa siku, hiyo ni uniti 0.26. Kwa siku 30 hazifiki hata 8.

Sasa njoo kwenye taa. Tulikuwa na balbu mbili za kizamani za wati 60, moja barazani na moja uani, zinawaka kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Hizo mbili kwa mwezi ni uniti 43! Na hakuna anayezilalamikia kwa sababu ni za wote.

Watu wakabisha. Basi usiku mmoja kila mtu akazima vya kwake, zikabaki balbu hizo tu (friji hatuna). Saa 4 usiku nikaandika namba ya mita, saa 12 asubuhi nikaandika tena. Karibu uniti nzima imeondoka na sote tumelala.

Kwenye hela ndo utashangaa. Kwa bei za EWURA za mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo (D1) analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, zikizidi hapo kila moja ni 350, kabla ya kodi na makato. Sisi tulikuwa tunakula kama 110. Piga: 7,500 za mwanzo, jumlisha uniti 35 mara 350, unapata 19,750. Balbu za LED za wati 9, ambazo mwanga wake unakaribiana na zile za 60, zinatumia uniti 6 na nusu tu zote mbili. Tunashuka mpaka 73 hivi, yaani 7,300. Balbu mbili tu hizo wadau!

Mengine kwa kifupi:
- Pasi ya wati 1000 ikiwaka saa moja ni uniti nzima. Nyoosha nguo za wiki kwa mkupuo, usiipashe kila asubuhi.
- Hita ya maji ndo usiseme. Chemsha ya kukutosha, ikichemka chomoa.
- Chaja ya simu ya wati 5 msiigombanie, saa 10 ni uniti 0.05.

Mama wa chumba cha mbele hakuniomba radhi, ila balbu ya barazani kanunua yeye. Mchango wangu umebaki uleule.

Nawasilisha. Na nyie kwenu nani anasingiziwa?