Supamaketi au Kibuye: Unanunua chakula ama unanunua heshima?

MAMA mmoja aliniletea mtoto wake wa miaka mitatu asubuhi ya Jumatatu. Mtoto alikuwa mchovu, hataki kucheza, na viganja vyake pamoja na sehemu ya ndani ya kope vilikuwa vimepauka. Hapa Kisumu daktari akiona dalili hizo huwaza malaria kwanza, kisha minyoo. Tulipima vyote viwili tusipate kitu. Lakini himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba hewa ya oksijeni mwilini, ilikuwa gramu 8 kwa desilita, ilhali mtoto wa umri huo anapaswa kuwa na gramu 11 au zaidi.

Nikamuuliza mama mtoto hula nini. Alinijibu kwa fahari. Asubuhi soseji na mkate mweupe. Mchana chipsi. Jioni wali na mchuzi kidogo. Katikati ya siku ni maziwa na juisi ya pakiti, kila anapolilia. Vyote hivyo, alinihakikishia, hununuliwa supamaketi. Hakuna kinachotoka sokoni.

"Na yaya wake hula nini?"

"Yule? Yeye hujipikia omena na osuga zake jikoni," akasema.

Nilimwandikia dawa ya madini ya chuma, kisha nikamweleza kwamba sehemu kubwa ya tiba iliyosalia ilikuwa tayari nyumbani kwake, ndani ya sufuria ya yaya. Mama akainamisha macho. "Daktari," aliuliza kwa sauti ya chini, "sasa mimi nionekane Kibuye nikipimiwa omena?"

Mpenzi msomaji, usimcheke. Swali hilo liko mioyoni mwa wengi wetu, hata kama hatulitamki. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi ya udaktari nilikuwa nikinunua omena Kibuye, kisha naitia ndani ya mfuko wa Nakumatt, ule wenye picha ya tembo, kabla ya kupita langoni mwa mtaa niliokuwa nikiishi. Mfuko ule ulikuwa cheti changu cha usomi.

Leo cheti hicho hakipo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mnamo Agosti 2017, na Nakumatt yenyewe ikafikia mwisho wake mwaka wa 2020. Ukwala, ambayo wakazi wa Kisumu waliizoea sana, iliuzwa kwa kampuni ya Choppies ya Botswana, nayo Choppies baadaye ikafunga virago. Tuskys pia ikafuata. Kibuye bado iko palepale, na kila Jumapili hujaa pomoni.

Kufungwa kwa pakiti si kinga

Watu wengi huamini kwamba chakula kilichofungwa vizuri na kupangwa mahali penye taa nyeupe ni salama kuliko kile kilichotandazwa juu ya gunia. Mara nyingine ni kweli. Lakini mnamo Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu ya aflatoksini. Unga huo ulikuwa katika pakiti zenye maandishi ya kupendeza. Miezi michache kabla ya hapo, Julai 2019, uchunguzi wa runinga uliwashtua Wakenya ulipodai kwamba nyama katika baadhi ya supamaketi jijini Nairobi ilitiwa kemikali ili ionekane nyekundu na mpya.

Aflatoksini hutokana na kuvu inayoota katika nafaka na njugu zilizohifadhiwa kabla hazijakauka. Huwezi kuiona wala kuionja, na kupika hakuiondoi. Ikiingia mwilini kwa wingi huliharibu ini kwa siku chache. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, huweza kuleta saratani ya ini. Mwaka wa 2004, watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya na 125 kati yao wakafa. Zingatia kwamba mahindi yaliyowaua watu wale hayakutoka supamaketi. Mengi yalikuwa ya shambani mwao na ya masoko ya karibu. Kwa hiyo pakiti si kinga, wala gunia si kinga. Kinachofaa ni kujua unachokagua.

Kuna hatari nyingine ya supamaketi ambayo haihusu uchafu. Unaingia kutafuta chumvi na sabuni, unatoka na soseji, biskuti, vibanzi vya pakiti na soda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, tukijumlisha ile iliyofichwa ndani ya mkate na soseji. Soda ya mililita 300 ina sukari inayokaribia vijiko vinane vya chai. Wagonjwa wangu wengi wa shinikizo la damu na kisukari hawakuletwa na uchafu wa soko. Waliletwa na usafi wa rafu.

Soko nalo lina makosa yake

Hata hivyo, nisije nikaonekana ninalipamba soko. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998 hospitali za Nyanza zililaza wagonjwa zaidi ya 14,000 wa kipindupindu, na zaidi ya 500 kati yao walifariki. Maradhi hayo husafiri kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Sasa fikiria mboga inayonyunyiziwa maji mchana kutwa ili isinyauke. Maji hayo yametoka wapi? Fikiria pia omena iliyoanikwa mchangani, mahali ambapo kuku na mbwa hupita. Fikiria samaki aliyevuliwa usiku, akafika mjini alfajiri, na saa tisa alasiri bado yuko juani bila barafu, inzi wakimzunguka. Na gorogoro nayo, ule mkebe wa kupimia, wapo wanaougonga kitako kikaingia ndani ili ujae upesi.

Mambo hayo yote yanaonekana kwa macho. Hilo ndilo jambo zuri la soko. Chakula kiko wazi mbele yako, unaweza kukishika, kukinusa, kuuliza na kukataa.

Dharau ilivyotuponza

Miaka mingi wenyeji wa mijini walizidharau osuga (mnavu), akeyo, apoth (mrenda), boo (kunde) na ododo (mchicha), wakiziita mboga za maskini au za vikongwe. Miongoni mwa waliozitetea kwa utafiti ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na sisi hapa, kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Mboga hizi zina madini ya chuma, kalsiamu na vitamini kwa wingi. Leo hoteli kubwa huziandika kwenye orodha ya vyakula, na waliozicheka huzilipia ghali.

Mfano mwingine ni mgongo wazi. Viwandani, minofu ya mbuta hukatwa na kusafirishwa ng'ambo, na mifupa yenye kichwa na nyama iliyobakia huja Obunga kukaangwa. Wenye uwezo huikunjia pua. Lakini nyama ile ni ya samaki yuleyule anayeliwa Ulaya kwa kisu na uma. Swali la kiafya si hadhi yake bali uchanga wake: ilikaa muda gani kabla ya kukaangwa, na mafuta yale yametumika mara ngapi? Mafuta yaliyogeuka meusi na kutoa moshi yaepuke.

Mwaka wa 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria baada ya kubainika kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia sumu. Mla samaki wa Ulaya ana wakaguzi wake. Wewe na mimi, aghalabu mkaguzi wa mwisho ni jicho na pua.

Nunua nini, wapi?

Mboga za majani: Nenda sokoni asubuhi, au kwa mama mboga aliye karibu nawe. Chagua zilizo kavu na ngumu kidogo, si zile zinazotiririka maji. Nyumbani zioshe kwa maji safi kabla ya kuzikatakata, si baada, kwa maana ukiosha zikiwa zimekatwa, baadhi ya vitamini huenda na maji.

Samaki: Dunga au soko la Jubilee patafaa ukiwahi mapema. Jicho liwe angavu na limejaa, matamvua yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi mahali pake. Samaki mzuri hunuka ziwa, hanuki uozo. Kuhusu samaki waliogandishwa kutoka China, waliozua mjadala mkubwa mwaka wa 2018, hawawi sumu kwa sababu tu wametoka mbali. Uliza kama barafu iliyeyuka njiani wakagandishwa tena, na usikubali kuuziwa kwa jina la ngege wa ziwa.

Omena: Itafute ile inayong'aa rangi ya fedha, iliyokauka kabisa, isiyo na mchanga. Muulize mwuzaji kama ilianikwa juu ya vichanja au chini. Kwa kuwa huliwa na kichwa na mifupa, hukupa protini, kalsiamu na chuma kwa pamoja. Iloweke katika maji moto, ioshe mara kadhaa, kisha ipike iive vizuri. Kwa mtoto mdogo, ikaushe kwenye sufuria, itwange iwe unga laini, umtilie kijiko katika uji.

Maziwa: Hapa supamaketi ina ushindi. Maziwa yaliyotibiwa kwa joto na kuwekwa kwenye friji ni salama. Ukinunua ya mkopo wa mchuuzi, yachemshe hadi yafure, kwani maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela na kifua kikuu.

Unga na nafaka: Kwa unga wa pakiti, tazama alama ya ubora ya KEBS na tarehe ya mwisho. Kwa mahindi ya gorogoro, tia mkono ndani ya gunia, si juu tu. Yakiwa na unyevu, harufu ya uvundo au punje zenye rangi ya kijani au nyeusi, ondoka, hata kama bei ni ya kutupa.

Nyama: Popote unapoinunua, tafuta mhuri wa mkaguzi. Nyama nyekundu kupita kiasi ambayo haibadiliki rangi siku nzima, na hata inzi haitaki, itilie shaka.

Piga hesabu ya kweli

Bei nayo ina hila zake. Mafuta ya kupikia, sukari na sabuni huweza kuwa nafuu supamaketi kwa kuwa hununua kwa wingi. Mboga na samaki mara nyingi ni nafuu sokoni. Vipakiti vidogo vya dukani mtaani hukufaa ukiwa na shilingi chache, lakini ukijumlisha vya mwezi mzima utaona umelipa zaidi ya aliyenunua pakiti kubwa. Ongeza nauli ya bodaboda au tuktuk katika hesabu. Na usimsahau mama mboga wa jirani: bei yake imezidi kidogo ile ya Kibuye, lakini atakukopesha tarehe ishirini na tano ya mwezi, jambo ambalo mashine ya supamaketi haijui.

Kisha ufanye jaribio moja. Chukua pesa unazotumia kwa soseji na juisi kwa juma moja, uzipeleke sokoni juma linalofuata. Uone zitaleta nini mezani.

Yule mama alirudi baada ya miezi mitatu. Mtoto alikuwa akikimbia varandani akiwasumbua wagonjwa wengine, na himoglobini ilikuwa imepita 11. Dawa ilifanya kazi yake, na chakula pia. Nilikuwa nimemshauri apunguze maziwa yasizidi nusu lita kwa siku, kwa sababu maziwa mengi humshibisha mtoto asile chakula chenye chuma, na asimpe chai pamoja na chakula. Aliniambia kwamba siku hizi nyumbani kwao hupikwa sufuria moja, wote wanakula humo.

"Na Kibuye, mama, umeshakwenda?"

Akacheka. Bado humtuma yaya, akasema, ila Jumapili moja alikwenda mwenyewe, mapema, kabla majirani hawajatoka kanisani.

Sikumlaumu. Kuacha kuona haya huchukua muda mrefu kuliko kuongeza damu. Muhimu ni kwamba mtoto hakungojeshwa hadi mama yake amalize kuona haya. Nawe msomaji, utakapotoka na kikapu chako juma hili, kabla ya kuuliza nani atakuona, jiulize nani atakula.