USINGIZI WA MCHANA NA KUMBUKUMBU YA MTOTO MCHANGA

Likizo iliyopita nilipofika nyumbani nilimkuta mdogo wangu ametimiza miezi tisa, naye hakunijua kabisa. Kwa kuwa siku zangu za kukaa naye zilikuwa chache, niliazimia kumfundisha kupiga makofi na kumpungia mtu mkono. Kila alipolala mchana nilimwamsha ili tuendelee na somo. Alilia tu, na somo halikuingia. Bibi akaniambia, "Mwache mjukuu wangu alale. Hayo unayomfundisha atayashikaje, naye macho mazito?" Nilidhani anamwonea huruma. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia, akanipa ya kusoma, nami nikaona kwamba Bibi alisema kweli.

Katika mwaka wa 2015 wataalamu wa Ujerumani na Uingereza, akiwamo Sabine Seehagen, walitoa habari za watoto 216 wa miezi 6 na miezi 12. Kila mtoto aliyefundishwa alionyeshwa mwanasesere wa kuvaliwa mkononi. Mtaalamu alimvua mwanasesere glavu, akaitikisa, kisha akamvika tena. Baadaye mtoto alipewa mwanasesere yule ili ionekane kama atamwiga. Wale waliolala dakika 30 au zaidi katika saa nne baada ya somo walikumbuka. Wale ambao hawakulala hivyo hawakuwashinda watoto ambao hawakuonyeshwa lolote. Hata walipojaribiwa kesho yake, baada ya kulala usiku, tofauti ilikuwapo.

Kwa nini iwe hivyo? Ndani ya ubongo imo sehemu ndogo iitwayo hipokampasi, ambayo hupokea mambo mapya. Tuifananishe na kapu la mvunaji. Kapu likijaa, mvunaji hana budi kwenda kulimwaga ghalani, la sivyo mahindi mengine yatadondoka chini. Ghala ni tabaka la nje la ubongo, ambamo mambo hukaa kwa muda mrefu. Tulalapo, ubongo huyarudia yale tuliyojifunza na kuyapeleka ghalani kidogo kidogo. Kapu la mtoto mchanga ni dogo, na kwake kila kitu ni kipya. Kwa hiyo hawezi kungoja usiku.

Watoto wakubwa kidogo nao hufaidika. Katika mwaka wa 2013 Rebecca Spencer na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, Marekani, waliwajaribu watoto wa shule za chekechea kwa mchezo wa kukumbuka mahali pa picha. Waliolala mchana walikumbuka zaidi, hasa wale waliozoea kulala. Waliokosa usingizi huo hawakuweza kuifidia hasara kwa kulala usiku.

Lakini tusikosee. Usingizi peke yake haumfundishi mtoto kitu. Lazima kwanza azungumzwe naye, achezewe na aonyeshwe mambo akiwa macho. Ndipo usingizi huyahifadhi.

Basi wazazi, nanyi ndugu zangu mnaoachiwa watoto wakati wa likizo, mtoto akisinzia msimwamshe kwa ajili ya mgeni wala mchezo. Mimi likizo ijayo nitamwimbia mdogo wangu akiwa macho, kisha nitamwacha alale. Huenda nikirudi tena atanijua.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne