Asiyekuwapo na Lake Halipo: Kazi ya Mjumbe wa Kamati ya Ushauri

Somo la leo ni kwa ajili yako hasa wewe usemaye Kiswahili uliyehamia Australia na kukaa katika jimbo la Victoria. Labda ulitoka Uvira au Bujumbura, na labda ulikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu au Kakuma kabla ya kufika huko. Sasa umesikia kwamba baraza la mji wako linatafuta wakazi wa kuingia katika kamati ya ushauri ya watu wa mataifa mbalimbali. Je, kamati hiyo ni kitu gani? Mjumbe wake ana uwezo gani? Na kwa nini ujitaabishe kuingia?

Kwanza tujue baraza lenyewe. Victoria ina mabaraza 79. Baraza hushughulikia mambo yaliyo karibu na mlango wako: takataka, barabara ndogo, maktaba, bustani, viwanja vya michezo, kumbi za kukodi, na kliniki za mama na mtoto. Shule za serikali, hospitali na polisi ni kazi ya serikali ya jimbo. Visa na uraia ni kazi ya serikali ya nchi nzima. Yafaa uushike sana mgawanyo huu, maana ukiwa mjumbe watu watakujia na shida za visa. Waelekeze panapohusika, wala usiwaahidi jambo ambalo baraza haliwezi kulitenda.

Pili, kwa nini kamati hizi zipo? Sheria ya mwaka 1901 ilitumiwa kuwazuia watu wasio weupe wasihamie Australia. Siasa ile ilikomeshwa mwaka 1973, na mwaka 1975 ikatungwa sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi. Miji ikabadilika. Katika eneo la Greater Dandenong, kusini-mashariki ya Melbourne, wanakaa watu waliozaliwa katika nchi zaidi ya 150. Madiwani wachache hawawezi kujua desturi na shida za watu wote hawa. Basi huwaita wakazi wawashauri. Wajumbe mara nyingi hujitolea bila mshahara, na hukutana kila baada ya miezi michache.

Sasa sikiliza vizuri. Kamati ya ushauri haiamui neno. Waamuzi ni madiwani, ambao huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka 4. Wengine wakisikia hivi husema, “Basi ni kikao cha kunywa chai tu.” Ni kweli kwamba kamati yaweza kuwa ya chai, ikiwa wajumbe wake wanaitwa siku ya ngoma na vyakula na halafu husahauliwa. Lakini shauri lina nguvu likiwa na mambo matatu: limetoka kwa watu, lina ushahidi, na limefika kwa wakati wake.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna msiba. Nyumba za kupanga ni ndogo, na waombolezaji ni wengi. Magari yanajaa barabarani, na jirani analalamika. Wafiwa wanakwenda kuomba ukumbi wa baraza. Wanaambiwa walipaswa kuomba wiki kadhaa kabla, waweke amana, na waonyeshe karatasi ya bima. Lakini kifo hakipigi hodi! Nani awezaye kuomba ukumbi wa matanga mwezi mmoja kabla ya msiba?

Mjumbe mmoja atasimama katika kikao na kusema, “Baraza halitujali.” Maneno haya yataandikwa katika kumbukumbu za mkutano, na mambo yataishia hapo. Mjumbe mwingine atafanya kazi kabla ya kikao. Atawauliza wazee, akina mama na viongozi wa makanisa na misikiti: katika mwaka uliopita, familia ngapi zilihitaji ukumbi? Ngapi zilikataliwa? Kwa sababu gani? Kisha atawauliza wajumbe wenzake Wavietnamu, Waafghani na Wasamoa, na huenda akakuta kwamba wao pia wana shida hiyo hiyo. Hapo shauri si la kabila moja tena. Ataliandika kwa maneno machache: “Tunaomba kila wiki kumbi mbili zitengwe kwa misiba, maombi yajibiwe kwa siku moja, na bima ya baraza iwafunike wafiwa.” Diwani aweza kulichukua shauri kama hilo na kulipeleka mbele.

Na wakati wake ni upi? Mwaka wa fedha wa baraza huanza tarehe 1 Julai, na bajeti lazima ipitishwe kabla ya tarehe 30 Juni kwisha. Ukileta ombi la fedha mwezi wa Juni, umechelewa. Fedha zimekwisha kugawanywa. Lilete kabla ya Krismasi, wakati maofisa wanapoanza kupanga. Tena, baada ya kila uchaguzi baraza hutunga mpango wa miaka 4, na sheria ya jimbo ya mwaka 2020 inalitaka liwashirikishe wakazi katika kuutunga. Jambo lisilokuwamo katika mpango huo ni vigumu kupatiwa fedha.

Kuna mambo mengine ya kuangalia. Omba karatasi za mkutano mapema, uzisome nyumbani. Ukiwa na faida yako mwenyewe katika jambo, liseme wazi kabla ya mazungumzo. Wala usikubali kugeuzwa mkalimani wa bure katika siri za watu, kama ugonjwa au ugomvi wa nyumbani. Serikali ina huduma ya wakalimani kwa simu, namba 131 450, usiku na mchana. Ofisi za baraza zaweza kuitumia.

La mwisho ndilo linalosahauliwa na wengi: kurudisha jibu. Watu walikupa shida yao, sasa wanangoja. Hata baraza likikataa, rudi uwaambie limekataa, na kwa sababu gani. Mjumbe asiyerudi huwafundisha watu kwamba kusema hakuna maana, na mwaka ujao hawatasema. Hapo ndipo wafiwa hukaa nje katika baridi ya Julai, wakati ukumbi wa mtaa umefungwa, na hakuna diwani hata mmoja ajuaye.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Lakini kuwapo peke yake hakutoshi; fika na shauri la watu mkononi, na urudi na jibu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Ni shida gani tatu za mtaa wenu zilizo chini ya baraza, na zipi si za baraza?

2. Chagueni shida moja. Ni ushahidi gani mnaoweza kuukusanya kwa mwezi mmoja?

3. Ni jamii gani nyingine mtaani penu yenye shida hiyo, na nani atakwenda kuzungumza nayo?

Kwaherini mpaka somo lijalo.