Mafuta mazito hugeukaje petroli? Siri iko kwenye vitundu usivyoviona

Petroli unayojaza kwenye bodaboda haikutoka yote ardhini ikiwa petroli. Sehemu yake inaweza kuwa ilikuwa mafuta mazito yanayokaribia lami, yakakatwakatwa kiwandani. Kinachofanya kazi hiyo ni kichocheo: unga laini ambao chembe yake moja ina upana wa takriban mikromita 70, yaani kama unywele wa binadamu.

Ndani ya chembe hiyo kuna fuwele za zeolaiti zilizojaa vitundu. Kwenye zeolaiti aina ya Y, inayotumika sana kwa kazi hii, mlango wa kitundu ni takriban nanomita 0.74. Shida ni kwamba molekuli nyingi za mafuta mazito ni nene kuliko mlango huo. Ni kama kupitisha sofa dirishani.

Sasa fundi anafanyaje? Anaifungua sofa uani kwanza. Zeolaiti huchanganywa na udongo na alumina yenye vitundu vikubwa zaidi. Molekuli kubwa huingia huko, hukatwa, kisha vipande vidogo ndivyo vinavyopenya hadi kwenye zeolaiti.

Humo ndani hakuna pampu. Molekuli hutangatanga zikigonga kuta, kidogo kidogo zikitoka penye msongamano kwenda penye nafasi. Na muda wenyewe ni sekunde chache tu, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi! Inayochelewa kutoka hukatwa kupita kiasi ikawa gesi, au hugeuka kaboni ngumu inayoziba njia. Ndiyo maana kichocheo hutolewa kila mara, kaboni huchomwa kwa joto la karibu nyuzi 700, kisha kinarudishwa kazini. Nikeli na vanadiamu zinazokuja na mafuta ghafi haziungui, hivyo kichocheo kipya lazima kiongezwe.

Hapa kwetu jambo hili si la maabara tu. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoacha kusafisha mafuta mwaka 2013, hakikuwa na mtambo wa aina hii. Mafuta mazito yaliyobaki baada ya kutenganisha petroli, dizeli na mafuta ya taa hayakuweza kukatwa tena. Yaliuzwa hivyo hivyo kama mafuta ya kuchoma viwandani, ambayo bei yake huwa chini ya petroli.