Orodha zinazozuia barua taka kabla hazijafika
IWAPO barua pepe ya chama cha wakulima wa Subukia, Kaunti ya Nakuru, itakataliwa na mnunuzi wa mazao jijini Nairobi, huenda kosa si la aliyeiandika. Yamkini anwani ya mtambo ulioituma imo katika orodha ya watumaji wa barua taka.

Kila mtambo unaotuma barua kupitia intaneti hutambulika kwa anwani ya nambari. Seva inayobishiwa hodi huitazama anwani hiyo, kisha huuliza orodha iwapo mgeni huyo anajulikana kwa ubaya.

Swali hupitia mfumo wa majina ya intaneti, DNS, ule ule unaotafuta anwani za tovuti. Nambari hugeuzwa: 192.0.2.10 huwa 10.2.0.192, kisha jina la orodha hufuatia. Jibu linaloanza kwa 127 kwa kawaida humaanisha kuwa anwani imeorodheshwa. Jina lisipopatikana, mgeni hana doa. Yote hayo huchukua chini ya sekunde moja, kabla barua yenyewe haijapokewa.

Orodha ya kwanza ya aina hii ilianzishwa na Paul Vixie nchini Marekani mwaka wa 1997. Mwaka uliofuata, Steve Linford alianzisha Spamhaus jijini London, ambayo orodha zake hutumiwa kote duniani.

Hata hivyo, orodha hizi humhukumu mtumaji, wala hazisomi barua. Samaki mmoja akioza, wote huoza: kompyuta moja yenye virusi inaweza kuwaharibia sifa wote wanaotumia anwani moja. Aidha, anwani za wateja wa kawaida wa intaneti huorodheshwa hata bila kosa, kwa kuwa barua zao zinatarajiwa kupitia seva ya kampuni inayowahudumia.

Orodha haimwamrishi mpokeaji. Seva yake ndiyo huamua kuikataa barua, kuitenga au kuipokea.

Anayekataliwa anafaa kusoma ujumbe uliorudishwa, kwani mara nyingi hutaja orodha iliyohusika. Kisha aondoe virusi, au aiombe kampuni yake ya intaneti irekebishe seva, ndipo aombe jina litolewe. Spamhaus haitozi ada kwa huduma hiyo. Akiomba kabla ya kuondoa chanzo, anwani itarejeshwa orodhani, na mnunuzi hataiona bei ya wakulima.